Chokaa Usoni

Mimi ndiye niliyepewa kuigiza Mjerumani.
Si kwa urefu wangu, wala kwa pua.
Ni viatu. Kamati ilipopita nyumba kwa nyumba
hapa Kilimatinde, buti za kamba hadi ugokoni
zilionekana kwangu tu, zile za kukanyagia zege.

Uso wakanipaka chokaa, ileile
iliyobaki tulipomaliza ukuta wa mashariki,
na mwalimu Mbijima akanionya: usicheke,
ukicheka inapasuka.

Ukuta ule naujua. Miezi minne nimeukwangua.
Nyuma ya lipu ya zamani, karibu na dirisha la stoo,
nilikuta alama ya kiganja: vidole vinne,
gumba halipo.
Nikamwita mhandisi. Akapiga picha, akasema, ziba.
Nikaziba.

Siku ya sherehe upepo wa Bahi
ulipanda na vumbi lake bila kadi ya mwaliko.
Turubai la wageni likaanza kupiga makofi
kabla ya hotuba.
Akina mama wa muheme wamebana ngoma mapajani.
Watoto wa darasa la nne ndio askari,
bunduki zao mabua ya mtama;
mmoja tayari anaitafuna yake.

Katika daftari la mwalimu imeandikwa hivi:
Onyesho la tatu. Wananchi wanabeba mawe. Dakika mbili.
Mjerumani anafoka. Ngoma. Pazia.
Pazia lenyewe hatuna.

Wabeba mawe walikuwa walewale,
Sechelela, Ndahani, mke wa Chilewa,
yule kijana wa Saranda asiyetaja jina la baba yake,
waliobeba kweli, tangu Juni, kutoka korongoni,
kwa ndoo, kwa kichwa, kwa ahadi.
Daftari la hesabu lilikuwa langu.
Wiki tano hazijalipwa. Karatasi iko Dodoma,
karatasi inatafutwa,
karatasi imepatikana, haina muhuri.

Nikapaza sauti: Haraka! Hamsa ishirini!
Watu wakacheka. Kiboko changu
kilikuwa waya wa umeme uliovishwa kitambaa.
Dakika mbili zikaisha. Mwalimu akainua leso.
Ngoma zikaanza, zikasita.
Hawakusimama.

Wakazunguka nyuma ya boma, wakarudi na mengine,
wakayapanga mbele ya mlango mkubwa
pale utepe ulipofungwa,
taratibu, jiwe likikaa juu ya jiwe
kama nilivyowafundisha: uso nje, tumbo ndani.
Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti,
"Tuwapigie makofi, wameingia kwenye uhusika!"
Tukawapigia.
Ukuta ukafika magotini. Makofi yakapungua
mpaka akabaki mtu mmoja, mgeni, hajui.
Ukafika kiunoni.

Mgeni rasmi akamwinamia mwenyekiti.
Mwenyekiti akanitazama mimi,
kana kwamba chokaa imenipa cheo kweli.
Na mimi, Mungu anisamehe, mkono ulipanda,
ule wenye kiboko, ulipanda wenyewe.

Sechelela akaweka jiwe lake. Hakunikodolea macho.
"Fundi," akasema, jina langu la siku zote,
"hili la mia sita na kumi. Andika."

Penseli yangu hukaa sikioni.
Ilikuwepo, chini ya kofia ya Mjerumani.
Nikainama, nikaandika juu ya jiwe, 610,
na jasho likapasua uso mzima
ingawa sikucheka.

Utepe ulihamishiwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni.
Ukakatwa. Picha zilitoka vizuri.

Usiku nilinawa mara tatu.
Chokaa haitoki kwenye tundu la sikio.
Ule ukuta mfupi bado upo, mbuzi wanaupanda.
Sijaambiwa niubomoe,
na nikiambiwa nitauliza kwanza
kwa siku ni shilingi ngapi,
na anayelipa ni nani.