Vigingi vya Njano

Kati ya ngano ya akina Trewin
na barabara ya changarawe iendayo Koolberrin
pamebaki mita sita za nchi jinsi ilivyokuwa.
Sita tu. Nimezipima kwa hatua.
Humo ndimo kinamoishi.

Hakifiki goti. Majani kama sindano za cherehani,
shina la kijivu, lililokakamaa,
halina la kujivunia mpaka Oktoba,
ndipo kila ua hutoka na pindo la manyoya,
zambarau kwa nje, jeupe ndani.
Mchanga wake fukara. Ukiutia mbolea umekiua:
kimezoea uhaba, shibe ndiyo sumu yake.

Mimi ni dereva wa greda la halmashauri.
Mwaka ule sikuwa na habari, wala hapakuwa na vigingi.
Nilishusha kisu kunyoosha mtaro
nikaenda nikipiga mluzi,
na nilipogeuza nikamkuta Dulcie Trewin katikati ya njia,
aproni imejaa mizizi.
Hakunifokea. Alihesabu tu, kwa sauti,
hadi kumi na kimoja.
"Vilikuwa kumi na vinne, Mervyn."

Usiku ule hata chai haikupita kooni.

Wakaja wataalamu wa mimea kutoka Perth
wakachomeka vigingi vya njano,
nami nikajifunza kupita pale kisu kikiwa juu,
kama mtu anayekatiza chumba cha mgonjwa.

Mvua za mwaka wa tatu, simu ikalia.
"Njoo. Usije na greda."
Tukapiga magoti. Pale hasa kisu kilipochana,
kwenye kovu lenyewe, si kando yake,
miche, mifupi kama njiti za kiberiti.
Mbegu zilikuwa zimelala chini miaka na miaka
zikingoja moto, au ukucha, au mpumbavu.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Usidhani umesamehewa," akasema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Thelathini na viwili."

Dulcie hayupo sasa. Daftari lake ninalo,
penseli imefungwa kwa uzi.
Kila Oktoba nazima injini, nashuka, nahesabu.
Mwaka huu vimepungua vitatu.
Chumvi inapanda kutoka bondeni,
na chumvi haina breki, haijui kigingi.

Naandika idadi. Nakaa kidogo.
Nyuki mdogo mweusi anazama kwenye manyoya,
anatoka na chavua mgongoni,
anavuka barabara yangu
kana kwamba haipo.