Mwokota Mipira

Tusajigwe, mimi ndiye nisimamaye chini ya ringi.
Nakijua kikapu hiki cha Chang'ombe:
kamba tatu zimekatika upande wa msikitini,
ubao umepasuka pembeni, mvua ikinyesha unanuka kutu.
Na mpira wako naujua.
Mwaka wa kwanza ulishuka katikati, chwaa,
ukaja miguuni pangu kama mtoto aliyetumwa dukani
akarudi na chenji kamili.

Sasa unarudi mikono mitupu.

Mechi ya Mlimani: mitupo saba ya mbali, sifuri.
Na wale wa Uhasibu: mitano, sifuri.
Juzi Upanga, mmoja tu, ukagonga ringi, ukapanda,
ukakaa kule juu kama unaofikiri,
halafu ukaangukia nje.
Tangu hapo hutupi. Unapokea, unapasia.
Umekuwa mtu wa adabu uwanjani
na adabu yako inatufunga.
Asiyetupa hakosi, ni kweli,
lakini kalamu ya karani haimjui.

Kila mtu ana dawa.
Kocha Kihwelo anasema kiwiko.
Mama wa kantini anasema tangawizi kavu, bila sukari.
Shangazi yako kapiga simu kutoka Tukuyu, anauliza
raba zako ulimwazima nani.
Mwenzako wa chumbani kakuletea video arobaini,
ukazitazama hadi kifurushi kikakata,
asubuhi ukaja mazoezini na viwiko vya watu wengine.

Mimi sina dawa. Mimi ni wa benchi, jezi kumi na nne,
dakika zangu za msimu mzima hazichemshi yai.
Ila nasimama huku ambako kocha hasimami,
naona uso wako ukija nyuma ya mpira,
na nimeona kitu.
Zamani ulilitazama tundu.
Siku hizi unautazama mpira ukienda,
unausindikiza kama mtu anayemsindikiza mgeni
hadi kituoni, kila hatua anamwambia: usipotee, usipotee.
Mgeni wa namna hiyo hupotea.

Tena unaomba radhi kabla.
Midomo inasema samahani
vidole vikiwa bado kwenye ngozi.
Samahani kwa nani? Mpira haujakosa bado.

Basi leo, saa kumi na mbili kasoro,
malori ya Barabara ya Nyerere hayajaanza kuzomeana,
tusihesabu. Daftari nimeliacha hosteli makusudi.
Anzia hapa, karibu, mkono mmoja,
umbali ambao hata mdogo wako angefunga.
Sikia kamba. Rudi hatua. Sikia. Rudi.
Ukikosa, kuokota ni kazi yangu,
si msiba wako.

Wiki tatu hivyo. Kuna asubuhi ulilia, ukasema ni jasho,
nikasema haya, jasho.

Jumamosi, robo ya tatu, kona ya kushoto,
mlinzi wao alikuachia mita mbili nzima, kwa dharau,
akamwita mwenzake: huyo mwache!
Ukatupa.
Haukuwa mtupo mzuri. Ulipiga ubao mahali
ambapo hukukusudia, ukazunguka, ukaingia kwa aibu,
nawe ukacheka, Tusa, ukacheka kwa sauti
mpaka mwamuzi akageuka.
Miwili iliyofuata ilikosa. Tulifungwa kwa pointi nne.
Kwenye basi ulilala, mdomo wazi,
kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatatu nilifika wa pili.
Ulikuwa umeshafagia maji ya mvua hadi mtaroni,
mpira kwapani, suruali imelowa magotini.
"Mbona umechelewa?"
Ukatupa kabla sijafika mahali pangu,
nilikuwa nimeinama, nafunga kamba za raba.
Sikuona kama uliingia.
Nilisikia tu ukidunda kuelekea ukutani,
nikaenda kuuokota.