Kanga ya Kupimia

Karatasi mlangoni
yenye muhuri pembeni,
nimeikuta jioni
bila hodi kupigiwa.

"Somoye binti Famau,
tangazo usidharau:
makuti yaliyo juu
ni lazima kutolewa.

"Gesi isiwe jikoni,
mtungi uwe uani,
na mchanga wa ndooni
usikose kujaziwa.

"Baraza iliyo kwako
imekula njia huko;
gharama ni juu yako,
yapaswa kubomolewa.

"Siku zako thelathini;
ukipuuza, faini.
Sahihi yangu ni chini,
nakala imetumiwa."

Marehemu Bwanaheri
aliijenga kwa ari
kwa matumbawe mazuri
mwaka aliponiowa.

Alikaa na kikombe
akisema na viumbe,
hata punda, hata ng'ombe,
kwa salamu hupokewa.

Kesho yake kaja Lali,
afisa wa serikali,
nilimlea awali;
tepu akaikunjuwa.

Kasema, "Mama, tazama:
pampu ikija kwa hima
hapa hapa itakwama;
moto hautachelewa."

Nikamwambia, "Mwanangu,
Amu ni ya tangu tangu,
punda wawili na vyungu
hawapishani, elewa.

"Sheria ya kule Bara
yataka mabarabara;
huku kwetu ni hasara,
nyumba zetu kuvunjiwa."

Akanena kwa upole:
"Usiku wa moto ule
nilikuwa ndani mle,
dirishani katolewa.

"Ni wewe ulonivuta,
cheche zikatufuata,
kuti kwa kuti kupita,
paa tisa zikaliwa."

Harufu ikanijia
ya makumbi na mkaa,
nilodhani meishia
kwa ubani na kwa dawa.

Usiku, hapana mtu,
katoka bila kiatu;
kwa kanga yangu kisutu
njia nikaikaguwa.

Kwingine ni kanga moja,
kwangu nusu, ni kioja.
Bwanaheri, huna hoja:
njia tumeichukuwa.

Nyundo nimeiagiza,
kesho navunja baraza;
jiwe moja nitasaza,
uani, la kukaliwa.

Makuti, Lali, subiri,
bati kwangu ni tanuri.
Andika: "Ana kiburi.
Mchanga umeshatiwa."