Lebo ya Mkunazi

Ibra, ukingoni mwa wadi, saa tatu asubuhi.
Nakata tawi, nalilaza gazetini;
mwiba wanipenya kidole gumba.

Familia: Rhamnaceae.
Jenasi: Ziziphus.
Spishi: spina-christi, kwa mwandiko usiotetemeka.
Mkusanyaji: Thuwaiba binti Nasser.
Kimo cha mti: mita sita, kwa kukisia.

Khalfan, dereva wetu, anasema: sidri.
Mama, mzaliwa wa Tabora, aliuita mkunazi
hata mbele ya wauza asali, wakacheka,
akanunua vivyo hivyo.

Fomu haiulizi nani huuitaje.
Haiulizi majani haya tuliyatwanga lini,
maji vuguvugu, ndoo ya buluu,
tukaanzia kuume.

Chini kabisa: Maelezo mengine.
Mstari mmoja, mfupi.
Naandika: mkunazi.
Hutoa povu jepesi.