Mgongo wa Chupa

Julai imeingia Kangemi bila hodi.
Tangu Jumanne jua halijaonekana,
limejifunika ukungu hadi masikioni
kama mtu anayekwepa wadeni.
Kambani, sweta ya shule ina siku ya tatu
na bado ikikamuliwa inalia.

Nami nimechutama mbele ya karai,
natia kidole, natoa, natia tena,
maana Truphosa alisema:
yasiwe ya moto, Baba Nasambu,
yawe ya uvuguvugu tu.
Maji ya moto huiba mafuta ya mwili
na mtoto akabaki kama ukuta wa chokaa.
Alisema kutoka Doha,
huko ambako jua linachemsha lami
na yeye yuko ndani, kwenye baridi ya mashine,
akisugua vigae vya watu kwa dawa.

Sikujua kwamba ngozi ni kazi.
Miaka yote niliwaona watoto wa ploti
wakitoka asubuhi waking'aa kama biringani
nikadhani wamezaliwa hivyo.
Kumbe nyuma ya kila goti
kuna mtu aliyeamka saa kumi na moja.

Wiki ya kwanza nilimfuta Nasambu kwa taulo
kama anayefuta gari la tajiri,
nikamngoja akauke kabisa, ndipo nikampaka.
Jioni akarudi na hesabu mguuni.
Mwenzake wa dawati alichukua njiti ya kiberiti
akaandika juu ya ule mpauko:
saba kuongeza tano ni kumi na tatu.
Nilicheka.
Halafu nikaona jinsi alivyovuta soksi,
akaivuta tena,
nikaacha kucheka.

Usimngoje akauke, Truphosa akasema.
Mpake angali na umande.
Mafuta hayaleti maji, Baba Nasambu,
mafuta hufunga mlango tu.
Sasa ukifunga mlango nyumba ikiwa tupu,
unalinda nini?

Basi siku hizi taulo inamgusa tu, pa, pa,
kama anayepima joto la chapati.
Mafuta ya mgando yamekuwa magumu kwa baridi,
nayayeyusha viganjani,
natonea glisirini, matone mawili, la tatu la bahati mbaya.
Naanza kisiginoni, penye ufa mwembamba
usiofaa kuwa wa mtoto wa miaka sita.
Napanda muundi. Nazunguka goti.
Nafika kwenye viwiko,
vile vizee viwili vilivyohamia mwili mchanga
na kila asubuhi vinadai vyao.
Nyuma ya masikio anacheka,
anajikunja, anateleza kama kambare.
Baba, anasema, mkono wako ni msasa.

Ni kweli. Mimi ni mwashi.
Saruji hainawiki ikaisha,
huingia kwenye mistari ya mkono
ikajenga humo kibanda chake.

Jana usiku simu ya picha:
nionyeshe miguu yake.
Nikaishusha simu hadi kitandani,
magoti mawili, biringani mbili, taa ikicheza juu yake.
Truphosa akanyamaza kitambo.
Na wewe je? Mikono?
Mzima kabisa, nikasema,
nikaificha ndani ya blanketi.
Na yako?
Picha ikageuka dari, ikageuka pazia.
Mtandao mbaya, akasema.
Hivyo ndivyo tulivyopakana mafuta
kwa mgongo wa chupa,
yeye huko, mimi huku,
na chupa yenyewe iko mezani imefunuliwa.

Asubuhi hii nilikuwa nimeosha karai,
naitafuta taulo nijifute, siioni.
Nasambu ameikalia.
Ameshavaa soksi moja,
kopo liko mapajani, kidole kimezama hadi fundo la pili.
Lete, akasema.
Akanishika mkono, ulimi nje
kama anapoandika jina lake,
akaanza kujaza nyufa, moja moja,
bila haraka,
na kengele ya shule ikilia ng'ambo ya bonde.

Tulia, Baba.
Usikauke kwanza.