Picha ya Watasema

Mbwa wetu ni Watasema:
jina la majirani, mbwa wetu.
Kamera haijui. Anachojua
ni kwamba mkono ukiinuka una jiwe.

Kwa hiyo Ndahani, mpiga picha wa Hombolo,
mzoefu wa harusi na kipaimara,
alishusha mkono.
Akailaza kamera vumbini, kifuniko hakijatoka,
akaketi kando, akakodolea macho mizabibu
kama mtu aliyekuja kuulizia bei ya zabibu.

Jua likahama ukuta.
Mama akaguna: mbwa tu, siku nzima?

Watasema akazunguka kwa mbali.
Akanusa mkanda. Akapiga chafya.
Akalamba kifuniko,
akakuta tonge la ugali wa uwele,
na hakuna aliyemshika shingo.

Kacha! ya kwanza ilimfikisha zizini.
Tonge. Kacha. Akasimama njiani.
Tonge. Kacha.
Likageuka sikio moja.

Kesho naenda chuoni Singida.
Begini, kati ya shuka na cheti cha kuzaliwa, yumo:
jicho nusu, ulimi nje,
na pembeni, chini kushoto,
kidole gumba cha Ndahani
kimeganda ugali.