Upele wa Ramani

Tulicheza Alhamisi, nyuma ya duka la pembejeo, Tukuyu,
mvua ikipiga bati kama mtu anayedai deni lake.
Meza yetu: magunia ya mbolea, ubao juu.
Dadu la pembe ishirini alilichonga Nsajigwa
kwa mti wa mkaratusi, likatoka zito upande mmoja,
likawa linapenda saba. Sote tulijua. Hakuna aliyelalamika.

Tupokigwe ndiye aliyeshika daftari la dunia ile.
Mchana alishika daftari jingine, hospitalini,
jicho kwenye darubini, makohozi ya watu juu ya kioo.
Jioni alitupa majoka, mapango,
na maradhi ambayo hakuna daktari aliyewahi kuyasomea:
kwikwi inayotema sarafu,
kila sarafu ikiondoka na siku moja ya utoto wako;
ugonjwa wa mwangwi, unasema leo,
sauti inatoka kesho, pale pale ulipokuwa umekaa.
Huo ulimpata Nsajigwa.
Alilitukana zimwi, matusi yakamkuta mfalme.
Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta.

Mimi nilikuwa Kalesi, mpiga upinde.
Nikanywa maji ya kisima nilichokatazwa.
Nikarusha: tatu.
"Kifuani pameota upele," akasema Tupokigwe.
"Ukiutazama vizuri, ni ramani. Mito, vijia,
kilima chenye jina lako."
Nani asiyetaka ramani? Tuliifuata
hadi ghala la shaba, tukagawana,
na kila njia tuliyoipita ilififia kifuani mwangu,
ikaondoka na pumzi ya upana wake.

Nsajigwa, mganga wetu, akainua mikono:
"Muujiza wa daraja la tatu. Amepona. Twende."
"Hapana."
"Lakini kanuni..."
"Kanuni naandika mimi. Dawa ni majani machungu,
kila alfajiri, miezi sita.
Mkojo utageuka rangi ya chungwa, asiogope.
Mwezi wa pili atajiona mzima, atataka kuacha.
Akiacha, ramani itachorwa upya
kwa wino usiofutika."

Hakunitazama. Alikuwa anachonga penseli.

Mwezi wa pili.
Vidonge vyangu vilikuwa juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu,
tangu siku niliyoendesha baiskeli kutoka Katumba
bila kushuka hata kwenye mwinuko,
nikasema: nimepona, ahsanteni, basi.
Nani alimwambia? Hakuna.
Jina langu lilikuwa kwenye daftari la mchana,
nalo lina kiapo.
La jioni halina.

"Kalesi anachagua nini?"
Nje, maji yalikuwa yanabeba udongo mweusi wa Rungwe
kuupeleka kwa watu wa chini.
Nikakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha Kalesi.
Nsajigwa akavuta kikombe chake cha chai mbali nami,
akakishika hivyo kwa muda,
kisha akakirudisha kilipokuwa.
Akaamka, akafungua dirisha, mvua ikaingia, akaliacha wazi.

"Anakunywa," nikasema.
"Kila alfajiri?"
"Kila alfajiri."
"Rusha basi."
Dadu likaangukia upande wake wa uvivu.
Saba. Saba haiui hata popo.
"Inatosha," akasema, akaandika.

Ijumaa muuguzi alinigombeza mbele ya foleni nzima,
akanipeleka kutoa makohozi upya,
akanianzishia hesabu kutoka moja.
Kwenye kioo, asubuhi ile, nani aliinama kunitazama,
sikuuliza.

Mpaka leo Nsajigwa ananung'unika.
Miezi sita! Mchezo umesimama mlangoni mwa pango!
Joka litazeeka humo ndani, anasema, litakufa lenyewe.
Lizeeke.
Nitalikuta.